Mwisho Niliombadilishia Mama

Voi, Jumanne. Zimebaki siku mbili tufike Krismasi.

Joto la leo halina adabu. Tangu asubuhi pazia halijatikisika hata mara moja, na mabati yanalia juu ya kichwa changu kama yanataka kung'oka. Nimekaa sebuleni na leso moja tu, miguu ndani ya beseni la maji, simu mkononi. Mwalimu mstaafu mzima.

Sijalala vizuri kwa siku tatu. Leo nimejua kitu ambacho sikuwa nakijua kwa miaka arubaini, na sijui nikiweke wapi. Ndiyo maana nakuja kukiandika hapa.

Yote yameanza na lile kundi la kwenye simu. Ni kundi la watu waliopenda kile kipindi cha zamani cha nyumba ya Mzee Zuberi. Walio na umri wangu watakumbuka. Mzee Zuberi fundi viatu, mkewe Mama Rehema, na watoto wao watano wasiosikizana, kila Jumapili jioni kwenye televisheni ya taifa. Mpwa wangu Mkawasi ndiye aliyeniingiza kwenye kundi. Yeye hakukiona kipindi chenyewe, lakini anapenda kusoma tunayoandika sisi wazee.

Kila Desemba tunaulizwa tuandike tunachokumbuka. Ijumaa watu wakaanza. Mmoja wa Maungu aliandika vile baba yake alikuwa anatoa betri ya lori ili watu waone TV, halafu asubuhi lori linakataa kuwaka. Mama mmoja wa Mahoo aliandika kwamba walikuwa wanachungulia dirisha la duka la mfanyabiashara wa Taveta, na kila mara picha ikipotea walikuwa wanalaumiana nani amepumua sana.

Nilicheka peke yangu.

Kisha mtu akataja Krismasi ile. Kila mwaka lazima kuna atakayeitaja. Krismasi aliyokufa Mama Rehema. Majibu yakamiminika. Mmoja akaandika, nililia wiki nzima. Mwingine, mama yangu alikataa kupika. Sisi tulifanya kama tuna matanga nyumbani.

Mimi nikaweka simu kifudifudi juu ya meza. Kila mwaka huwa naiweka hivyo.

Maana kuna mtu mmoja tu, katika Kenya hii nzima, ambaye aliambiwa kwamba Mama Rehema hakufa. Na aliyemwambia ni mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa kidato cha pili hapa Voi, na nilikuwa nakaa kwa mama mdogo Mghoi, mdogo wake mama yangu. Mume wake alikuwa karani wa reli, kwa hivyo tulikuwa tunaishi landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na nyumba yetu ndiyo iliyokuwa na TV. Nyeusi na nyeupe, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Antena ilikuwa imefungwa kwa mlingoti mrefu, na kukiwa na upepo picha inakuwa chenga tupu.

Nyumbani kwetu ni Bura, juu, mbele ya misheni. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa analima mboga pamoja na dada yangu mkubwa, Wakesho, aliyekuwa ameacha shule ili amsaidie.

Mwaka huo mama alianza kuvimba tumbo. Chini ya kitovu kulikuwa na kitu kigumu, na kila mwezi kilikuwa kikubwa zaidi. Daktari akamwambia ni lazima apelekwe Mombasa akapasuliwe. Mama akasema hapana. Hakuna mtu wa kwao aliyewahi kufunguliwa tumbo, na yeye hataki kuwa wa kwanza.

Sasa, alipokuwa anashuka Voi kumwona daktari, alikuwa analala kwa mama mdogo. Hapo ndipo alipokutana na kipindi. Alikiona mara mbili tu. Lakini katika hizo mara mbili aliona kwamba Mama Rehema naye alikuwa na uvimbe, naye alikuwa anakataa kisu.

Mama alikaa wima kwenye kochi. Hakuondoa macho.

"Huyu ni mwenzangu," alisema.

Tangu siku hiyo nikawa TV ya mama. Kila wikendi ya pili nilikuwa napanda gari-moshi la Taveta, nashuka stesheni ya Bura, napanda mlima na kilo ya sukari kwenye kikapu. Sijatua kikapu, mama ameshauliza, "Mwenzangu anaendeleaje?" Nami nilikuwa nasimulia yote. Niliiga sauti ya Mzee Zuberi, nilitembea kama yule binti yao mwenye maringo. Wakesho alikuwa anaacha sufuria iungue. Mama alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo, halafu anakumbuka tumbo lenyewe, ananyamaza.

Wakesho alikuwa anamsihi kila siku kuhusu Mombasa. Mama mdogo pia. Paroko pia. Jibu lake lilikuwa moja.

"Ngojeni kwanza tuone mwenzangu atafanya nini."

Watu walidhani anatania. Mimi nilijua hatanii.

Mapema Desemba, Mama Rehema alikubali kupasuliwa. Nilikimbia na habari hiyo kama nimebeba barua ya serikali. Mama alisikiliza, akauliza mara mbili kama kweli amekubali mwenyewe au amelazimishwa. Nikamwambia amekubali mwenyewe. Akaendelea kuchambua mboga ya mnavu mapajani, na baadaye akasema, bila kuniangalia, "Haya. Tungoje."

Jumapili ya kabla ya Krismasi, sebule ya mama mdogo ilijaa. Majirani walikuwa chini, kwenye viti, kwenye mlango. Nilikaa mbele kabisa, magoti yangu karibu yaguse kioo.

Walimwingiza Mama Rehema kwenye chumba cha kupasulia. Mzee Zuberi alibaki kwenye benchi, kofia yake magotini. Halafu daktari akatoka. Alivua kofia yake ya upasuaji, na Mzee Zuberi akateleza kutoka kwenye benchi taratibu mpaka chini kwenye sakafu.

Wanawake walipiga kelele sebuleni kama wamefiwa kweli. Mama mdogo alizima TV kabla muziki haujaisha. Mimi sikulia. Nilikuwa naona mnavu mapajani mwa mama.

Jumatano nilipanda gari-moshi. Nilikuwa na miaka kumi na tano, na kutoka Voi mpaka Bura nilikuwa na kazi moja, kutunga uongo. Sikuwa mwongo. Nilikuwa mtoto anayekiri hata kosa la kuonja sukari. Lakini nilijua kwamba nikimwambia mama ukweli, hataenda Mombasa. Na nilikuwa nimemsikia daktari akimwambia mama mdogo, kwenye baraza ya hospitali, kwamba mama akiendelea kukaa na kile kitu hafiki Pasaka.

Mama alikuwa ameketi nje ya jiko, mgongo ukutani. Alikuwa amekonda usoni, na tumbo limekuwa kama la mja mzito. Aliniona nikiwa bado mbali, akajaribu kusimama, akashindwa, akacheka.

"Haya, sema. Mwenzangu?"

Nikasema.

Nilisema daktari alitoka akitabasamu. Nilisema Mzee Zuberi alipiga magoti pale pale kumshukuru Mungu. Nilisema uvimbe ulitolewa ukawekwa kwenye karai, mkubwa kama kichwa cha mtoto, na madaktari wote wakaja kuushangaa.

"Na yeye? Aliamka?"

"Aliamka."

"Akasema nini?"

Hapo sikuwa nimejitayarisha. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia. "Aliuliza kama kuku wamefungiwa."

Mama alicheka sana. Alicheka mpaka akapangusa macho kwa leso. Kisha akanitazama kwa muda, akasema, "Basi huyo amepona kweli."

Krismasi hiyo tulienda misa pole pole, tukimpumzisha njiani. Wakesho alichinja jogoo. Mwaka mpya ulipoingia, mama akatangaza mwenyewe kwamba atakwenda Mombasa. Wakesho alilia kwa furaha. Mimi nilijiona mtu mkubwa. Nilijiambia nimeokoa maisha.

Tulishuka naye Voi siku shule zilipokaribia kufunguliwa. Wakesho alibaki stesheni ya Bura akitupungia. Kwenye gari-moshi mama alikaa dirishani, mimi mbele yake. Tulipopita Mwatate, mashamba ya mkonge yalipoanza, akanigusa goti.

"Mshai. Nisimulie tena vile aliamka."

Nikasimulia. Nikaongeza na chumvi. Nikasema aliomba uji, nikasema majirani walileta mbuzi. Mama hakuangalia nje hata mara moja. Alikuwa ananiangalia mimi, mdomoni, kama mtu anayefuata sala kwenye kitabu. Nilipomaliza akasema asante.

Asante. Mama hakuwa mtu wa kuwaambia watoto wake asante.

Mama mdogo alimpeleka Mombasa kwa basi. Mimi nilirudi darasani. Siku ya nne nilikuwa navua viatu mlangoni nilipomwona mama mdogo amekaa kwenye kochi, na mfuko wa nguo za mama uko mapajani mwake. Hakuna aliyekosea, alisema. Moyo ulichoka. Walijaribu.

Hakuamka.

Nimeishi na jambo hili bila kumwambia mtu. Nilimaliza shule, nikawa mwalimu, nikaolewa, nikazaa. Kipindi kiliendelea miaka kadhaa baada ya hapo, na kila muziki wake ulipoanza nilikuwa natoka nje kuanua nguo, hata kama kamba haina nguo. Watu walidhani sikipendi.

Mume wangu alipokuwa anaenda kupasuliwa ngiri, alinishika mkono akasema, "Niambie tu nitakuwa sawa." Kitu kidogo hicho. Mke yeyote angesema. Mimi nilitoka chumbani, nikaenda kusimama karibu na bomba la maji mpaka walipomchukua. Alipona, lakini hakunielewa, na amekufa bila kunielewa.

Na ile sauti hainiachi. Si ya mama. Ni yangu mwenyewe, ya miaka kumi na tano, nyembamba, yenye furaha. Naisikia nikiosha vyombo. Naisikia kanisani, hasa Desemba, watu wakiimba. Aliamka. Aliuliza kama kuku wamefungiwa. Wakati mwingine nageuka kabisa, kama kuna msichana amesimama mlangoni.

Jumamosi, sijui nini kilinipata, nikaandika. Niliichukua simu, nikaandika kwenye kundi yote, kama nilivyoandika hapa, ila kwa ufupi. Nikamaliza hivi: nilimtuma mama yangu Mombasa kwa uongo. Nikatuma kabla sijabadilisha nia.

Watu wamekuwa wema. Wameandika pole. Wameandika ulikuwa mtoto. Yule mama wa Mahoo ameandika kwamba yeye pia angefanya hivyo. Nimewasoma wote na hakuna neno lililoingia.

Leo saa nne asubuhi Wakesho amepiga simu.

Dada yangu hapigi simu. Anapigiwa. Nilijua kuna jambo.

"Mshai, umeandika nini kwa hiyo simu? Mkawasi amenisomea, nimeshindwa kumaliza chai."

Nilifikiri amekasirika. Nilifikiri, sasa imefika, dada yangu amejua ni nani aliyemuua mama.

"Uko?" akauliza.

"Niko."

"Mama alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua yule mwanamke alikufa."

Nilitoa miguu kwenye maji. Sijui kwa nini. Nilisimama tu hapo sakafuni nikilowesha mkeka.

Wakesho akaniambia yote, pole pole, kama mtu anayefungua kifurushi cha mtu mwingine. Siku iliyofuata Krismasi, mimi nikiwa mtoni na nguo, mke wa katekista alikuja kumjulia mama hali. Binti yake alikuwa anafanya kazi hapa Voi, naye alikuwa amekiona kipindi. Mama mwenyewe ndiye aliyeanza, kwa furaha, kwamba mwenzake wa TV amepona. Mke wa katekista akashangaa. Akasema si kweli, alikufa, mji mzima ulilia. Alikuwa ameshasema kabla hajaona uso wa Wakesho.

"Mama alifanya nini?" nikauliza.

"Aliomba maji. Halafu akatuambia, 'Msimwambie Mshai. Ataona haya, na amejitahidi.'"

Nilikaa chini.

"Mimi nilimwambia basi asiende," Wakesho akasema. "Nilimwambia, kama yule alikufa, wewe unaenda kufanya nini? Akaniambia, 'Wakesho, ninaenda kwa sababu ya daktari, si kwa sababu ya TV.' Yeye pia alikuwa amesikia habari ya Pasaka. Alikuwa amejua kitambo. Alikuwa anatafuta tu siku ya kukubali."

"Na wewe ulikaa na hilo miaka yote hii?"

"Niliahidi. Halafu nilidhani wewe ulisahau. Ulikuwa mtoto, ulirudi shule, ukasoma. Mimi sikujua umelibeba. Ningejua ningekuambia, Mshai. Haki ya Mungu ningekuambia."

Tulilia kila mmoja upande wake. Wanawake wawili wazee na simu.

Nimejaribu tangu asubuhi kuona kama nimepata nafuu. Nafuu ipo. Kwamba sikumtuma mimi. Kwamba alienda kwa miguu yake, akiwa na akili yake, kwa sababu aliyoichagua. Miaka arubaini nimejipa kazi ambayo haikuwa yangu.

Lakini sasa gari-moshi lile limerudi upya.

Maana alijua. Tulipopita Mwatate, aliponigusa goti, alijua tayari. Alijua kila neno ni la kutunga, na aliniomba nilirudie. Aliniangalia mdomoni nikiongeza uji na mbuzi. Bila shaka alijua pia wale kuku ni wake mwenyewe. Yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kila jioni, akiwa mgonjwa, akiwa na homa, kama kuku wamefungiwa. Nilichukua maneno yake nikamwekea mwanamke wa TV mdomoni, nikamrudishia kama habari njema.

Aliomba kwa ajili yangu, ili niende shule nikiwa sina wasiwasi? Au aliomba kwa ajili yake, kwa sababu alitaka kusikia, hata mara moja tu, mtu akisema ameamka?

Wakesho hajui. Hakuwa kwenye gari-moshi. Nilikuwa peke yangu naye, na nilikuwa nimeshughulika kusimulia.

Kabla hatujakata simu nilimuuliza swali moja. Sikutaka kuuliza. Nilijua jibu likiwa baya halitanitoka tena.

"Aliogopa?"

Nilimsikia Wakesho akivuta pumzi. Najua alitafuta neno la kunipoza. Namjua dada yangu. Maisha yake yote ni ya kupoza watu.

"Sana," akasema. "Asubuhi ile kabla hatujashuka stesheni alinishika nje ya jiko. Alisema miguu haina nguvu. Nikamfunga leso kiunoni kwa nguvu ili apate kusimama. Alikuwa anatetemeka, Mshai. Meno yalikuwa yanagongana. Halafu wewe ukatokea na kikapu, akaacha."

"Asante," nikamwambia.

Jua sasa limegeukia upande wa barabara. Kundi bado linaandika, sijafungua. Nitafungua kesho, niwaambie pia hili la pili, maana walinipa pole kwa habari ambayo ilikuwa nusu.

Alhamisi, Mungu akipenda, nitakula Krismasi Bura kwa Wakesho. Nimemwambia asichinje kitu, nitaleta nyama kutoka hapa. Kuna mengine mengi nataka kumuuliza kuhusu mama. Alisema nini wiki ile ya mwisho, alilala vipi, alimkasirikia nani. Nitamuuliza mchana, tukiwa jikoni, na nimemwomba asinipunguzie chochote.

Amekubali. Tutaona kama mimi nitaweza kusikiliza.